Restituendoglielo: neno moja la Kiitaliano na mikato yake mitatu

Chukua sentensi ya kawaida kabisa: *Ha letto il libro di Maria in due giorni, restituendoglielo la domenica.* Yaani, alikisoma kitabu cha Maria kwa siku mbili, akamrudishia Jumapili. Neno la kutazama ni hilo refu, *restituendoglielo*. Lina herufi 17 na silabi 7, na mwanafunzi anayekutana nalo kwa mara ya kwanza hutaka kujua jambo moja tu: linakatwa wapi?

Swali hilo lina majibu matatu, na yote ni sahihi. Mpiga chapa anayefika mwisho wa mstari huku neno halijaisha ana mikato yake. Sikio linalosikiliza jinsi Waitaliano wanavyolitamka lina mikato mingine. Mwanasarufi anayetafuta mofimu, vile vipande vidogo vyenye maana, naye ana mikato ya tatu. Mabishano mengi kuhusu silabi za Kiitaliano hutokana na watu wawili kujibu maswali mawili tofauti huku kila mmoja akidhani mwenzake hajui. Kwa hiyo tuitembelee mikato hii mmoja mmoja, kwa neno hilihili.

Tuanze na mpiga chapa kwa sababu kanuni zake zimeandikwa. Waitaliano huita jambo hili *andare a capo*, kwenda mwanzo wa mstari, na watoto wao hulijifunza shule ya msingi, mara nyingi kwa kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Upo hata waraka rasmi wa shirika la viwango la Italia, unaojulikana kama UNI 6461. Claudio Beccari wa Politecnico di Torino, aliyeandaa mikato ya Kiitaliano kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa kupanga chapa uitwao TeX, aliufuata waraka huo. Jibu la upande huu ni hili:

re-sti-tu-en-do-glie-lo

Sehemu kubwa ya mkato huu haina ugomvi. Konsonanti moja ikiwa katikati ya irabu mbili huenda na irabu inayoifuata, kwa hiyo *ti-tu* na *lo* hazihitaji maelezo. Konsonanti mbili zinazofanana hutenganishwa, kama katika *pal-la* (mpira) na *cas-sa* (sanduku), ila neno letu halina. Panapoanza kunoga ni kwenye *en-do*.

Mswahili akiachiwa neno hili alikate mwenyewe ataandika *e-ndo*, na kwa masikio yake yuko sawa. Tumezoea *pa-nda*, *e-nda*, *ka-nga*. Kwetu *nd* ni mwanzo halali wa silabi, na ushahidi ni kwamba ni mwanzo halali wa neno: ndizi, ndoto, ndugu. Kiitaliano kinatumia kanuni ileile, kwamba kundi la konsonanti linaloweza kuanza neno ndilo linaloweza kuanza silabi, lakini hakina neno lake lenyewe linaloanza na *nd*. Kwa hiyo *n* inabaki nyuma na kuifunga silabi iliyotangulia: *en-do*, *can-to*, *cam-po*, *al-to*, *por-ta*. Kanuni ni moja, matokeo yanapingana, na anayejifunza Kiitaliano akitokea kwenye Kiswahili hana budi kuzizoea silabi funge, ambazo kwetu hupatikana hasa kwenye maneno ya mkopo kama *daftari* na *labda*.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotoa *re-sti*. Kiitaliano kimejaa maneno yanayoanza na *s* ikifuatiwa na konsonanti: *strada*, *studente*, *scuola*, *spesa*, *sbaglio*. Basi, anasema mpiga chapa, *st* ni kundi linaloanza neno na halitenganishwi. Ndiyo maana vitabu vya shule vinaandika *pa-sta*, *te-sta*, *que-sto*, *o-spe-da-le*. Mwanafunzi akiandika *pas-ta* atapata alama nyekundu.

Hapa ndipo sikio linapogoma.

Kiitaliano kina tabia moja inayotusaidia kama kipimo. Silabi yenye mkazo ikiwa wazi, yaani ikiishia na irabu, na ikiwa si ya mwisho katika neno, irabu yake huvutwa. Ikiwa imefungwa na konsonanti, irabu hukatwa fupi. *Pala* (koleo) husikika kama *paala*; *palla* (mpira) ina *a* fupi, kisha ulimi unakaa kwenye *l*. Sasa pima makundi ya konsonanti kwa kipimo hicho. *Capra*, mbuzi, ina *a* ndefu: *caapra*. Ina maana *pr* yote imeenda na silabi ya pili na kuiacha ya kwanza wazi, na mkato wa *ca-pra* ni wa kweli mdomoni kama ulivyo kwenye karatasi. Lakini *pasta* ina *a* fupi, sawasawa na *palla*. Kama mkato wa *pa-sta* ungekuwa wa kweli mdomoni, tungesikia *paasta*, na hakuna Mitaliano anayesema hivyo. Ile *s* imebaki nyuma kuifunga silabi ya kwanza. Sikio linasikia *pas-ta*, kama yule mwanafunzi aliyepata alama nyekundu.

Silabi *re* ya neno letu haina mkazo, kwa hiyo kipimo cha urefu hakifanyi kazi moja kwa moja. Jaribu jirani yake, *resto*, chenji unayorudishiwa dukani: *e* ni fupi. Msemaji yuleyule hana sababu ya kuikata *st* kwa namna moja katika *resto* na kwa namna nyingine katika *restituendo*.

Ushahidi wa pili uko mbele ya macho ya kila anayejifunza lugha hii, ila hufundishwa kama kanuni ya kukariri. Kwa nini ni *il treno* lakini *lo studente*? *Tr* na *st* zote ni konsonanti mbili. Kama zote mbili zingekuwa mwanzo mzuri wa silabi, zingepaswa kupata kitangulizi kimoja, yaani kineno kilekile kinachotangulia nomino. Ukweli ni kwamba *s* inatafuta irabu ya kuegemea upande wa kushoto. *Lo* inaishia na irabu, kwa hiyo mdomo hutamka *los-tudente* na *s* inapata pa kukaa. *Il* inaishia na *l*, nafasi imeshajaa, *s* ingebaki inaning'inia. Zamani Waitaliano walitatua shida hiyohiyo kwa kuongeza *i* mbele ya neno pale lililotangulia lilipoishia na konsonanti: waliandika *in Ispagna*, na mpaka leo mtu anayetaka ahadi kwenye karatasi husema *per iscritto*, kwa maandishi. Hiyo *i* haina maana yoyote. Imewekwa pale ili *s* isikose kiti.

Ushahidi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu ni wa zaidi ya miaka 2,000 na unahusu kitenzi chetu chenyewe. Mshairi wa Kirumi Ennius, aliyeishi kuanzia 239 hadi 169 kabla ya Kristo, aliandika mstari juu ya Fabius Maximus, jemadari aliyemchosha Hannibal kwa kukwepa vita vya ana kwa ana:

*Unus homo nobis cunctando restituit rem.*

Mtu mmoja, kwa kuchelewesha, aliturudishia dola yetu. Mshairi wa Kiswahili huhesabu mizani, idadi ya silabi. Mshairi wa Kilatini katika bahari hii, yaani aina hii ya shairi, alipima uzito wa kila silabi. Silabi yenye irabu ndefu au iliyofungwa na konsonanti ni nzito, iliyobaki ni nyepesi. Fungu la tano la mstari huu lazima liwe nzito-nyepesi-nyepesi, na lililopo pale ni *res-ti-tu*. Lakini *e* ya kiambishi *re-* katika Kilatini ni fupi. Silabi hiyo haiwezi kuwa nzito isipokuwa *s* imeifunga. Ennius angeikata *re-sti-tu-it*, mstari wake ungevunjika. Wanasarufi wa baadaye walioshikilia kwamba *st* haitenganishwi walikuwa wakitazama mianzo ya maneno. Mshairi alikuwa akisikiliza.

Je, kanuni ya shule ni kosa, basi? Kama ni maelezo ya matamshi, naam, ni kosa. Ila haikuwekwa kueleza matamshi. Ni makubaliano ya namna ya kujaza mstari, na makubaliano hayahitaji kuwa ya kweli, yanahitaji kufuatwa na wote. Ukifanya mtihani wa Kiitaliano andika *re-sti*, usilete habari za Ennius.

Silabi ya sita, *glie*, ina fujo la aina nyingine. Hapa herufi nne zinabeba sauti mbili tu.

Herufi *gl* zikifuatwa na *i* katika Kiitaliano huandika sauti ambayo Kiswahili hakina: mgongo wa ulimi unabandikwa kwenye kaakaa na hewa inapita pembeni. Ukisema *lya* haraka unaikaribia, hujaifikia. *I* iliyo katikati ya *glie* haitamkwi kabisa. Ni alama tu ya kumwambia msomaji kwamba hiyo *gl* si ya *gloria*. Irabu ya silabi ni *e* peke yake. Kwa hiyo anayeitamka *gli-e*, silabi mbili, amedanganywa na karatasi. (Kuna maneno machache, hasa ya kitaalamu au ya asili ya Kigiriki au Kilatini, ambamo *gli* ni *g* ngumu na *l*: *glicine*, *geroglifico*, *negligente*. Hayo ni ya kukariri tu.)

Kuhusu mkato, kanuni ya uchapaji iko wazi: *gl* ya namna hii ni sauti moja, haipasuliwi. *Fi-glio*, *fa-mi-glia*, *do-glie-lo*. Sikio halikubali tena, kwa sababu sauti hii, ikiwa katikati ya irabu mbili, katika Kiitaliano sanifu siku zote ni ndefu, kana kwamba imeandikwa mara mbili. *Figlio* ina *i* fupi yenye mkazo, ushahidi kwamba silabi ya kwanza imefungwa. Nusu ya sauti iko upande huu wa mpaka, nusu upande ule. Karatasi haiwezi kuonyesha hivyo: utakataje herufi *g* na *l* ambazo kwa pamoja ni sauti moja, kisha uigawe sauti hiyo?

Kuna njia nzuri ya kuuona urefu huo uliofichika bila vifaa vya maabara. Kitenzi cha kuamuru chenye silabi moja, kama *da'* (toa, mpe), kikipachikwa kiwakilishi, konsonanti ya kiwakilishi huongezwa maradufu: *dammi*, nipe, *dallo*, kitoe, *dacci*, tupe, *dammelo*, nipe hicho. Kila mara konsonanti mbili. Lakini kwa *gli* tunapata *dagli*, mpe, bila kuongeza chochote. Wanafunzi huambiwa kwamba *gli* ni "kighairi". Si kighairi hata kidogo. Sauti yake baada ya irabu tayari ni ndefu, hapana cha kuongeza.

Kwa hiyo mkato wa sikio, tukiuandika kwa herufi za kubuni ambamo *ly* ni ile sauti ya kaakaa, ni huu:

res-ti-tu-en-doly-lye-lo

Bado silabi saba. Idadi haikubadilika, mipaka miwili ndiyo iliyosogea.

Kuhusu *tu-en* nitapita haraka. Kiitaliano kina *u* inayojibana na irabu inayofuata mpaka zinakuwa silabi moja, kama katika *questo* na *guerra*, ambako inasikika kama *w* yetu. Kina pia *u* inayosimama peke yake. Katika *restituendo* imesimama peke yake kwa sababu ni irabu ya mwisho ya shina, na *e* ni mwanzo wa kiambishi. Rudi kwa Ennius: fungu la tano linaishia na *tu* na la sita linaanza na *it*, irabu mbili zimelala vyumba viwili. Msemaji mwenye haraka wa leo anaweza kusema *twen* na hakuna atakayemlaumu. Wapiga chapa waangalifu, kwa upande wao, hukwepa kukata katikati ya irabu mbili hata pale panaporuhusiwa, maana msomaji hawezi kujua kwa macho kama zimetengana au zimeungana. Katika neno hili mikato mingine ipo ya kutosha. Anayetaka zoezi gumu zaidi achukue *restituii*, nilirudisha: *re-sti-tu-i-i*, na mkazo uko kwenye *i* ya kwanza.

Sasa mkato wa tatu, wa maana. Hapa Mswahili yuko nyumbani, kwa kuwa lugha yetu inaishi kwa kupanga vipande ndani ya kitenzi. Linganisha na *akimrudishia*. *A-* ni mtenda, *-ki-* ni hali ya tendo linaloendana na jingine, *-m-* ni mtendewa, *rudi* ni mzizi, *-sh-* ni kusababisha, *-i-* ni kutendea, *-a* inafunga. Vipande saba. Silabi nazo ni saba, lakini hazilingani na vipande: silabi *shi* imebeba kusababisha na kutendea kwa pamoja. Kwa hiyo jambo la silabi na mofimu kupishana si geni kwetu, tunalitamka kila siku.

Neno la Kiitaliano linapasuka hivi: *re | stitu | endo | glie | lo*.

*Re* na *stitu* zinatoka kwenye Kilatini *restituere*, *re-* ya kurudi na *statuere*, kusimamisha, ambayo ndani ya maneno ambatani hugeuka *stituere*. Kurudisha kwa Warumi kulikuwa kusimamisha tena. Je, Mitaliano wa leo anakihisi kipande hiki cha *re* kuwa peke yake? Kitenzi *stituire* hakipo. Lakini wapo ndugu zake: *costituire* (kuunda), *istituire* (kuanzisha), *sostituire* (kubadilisha kimoja kwa kingine), *destituire* (kuondoa madarakani). Shina *-stitu-* linasikika kote, hata kama hakuna mtu anayeweza kusema lina maana gani likiwa pekee. Mimi ningelihesabu kuwa kipande. Wapo wanaoliona lote *restitu* kuwa shina moja la leo na kuiachia historia yaliyobaki, na hoja yao si dhaifu.

*Endo* ni kiambishi cha jerundi, umbo la kitenzi lisilotaja nafsi, idadi wala wakati. Linaegemea kitenzi kikuu cha sentensi kwa yote hayo, kama *-ki-* yetu inavyoegemea kitenzi kingine, tofauti ni kwamba *-ki-* inamtaja mtenda na *-endo* haimtaji. Vitenzi vya *-are* huchukua *-ando* (*parlando*), vya *-ere* na *-ire* vyote huchukua *-endo*, ndiyo maana *restituire* haitoi *restituindo*. Chanzo chake ni umbo la Kilatini lenye maana ya "kwa kufanya jambo fulani", lilelile tuliloliona katika *cunctando*, kwa kuchelewesha. Mstari mmoja wa Ennius umebeba kitenzi chetu na kiambishi chetu, ila kwenye maneno mawili tofauti.

Kisha *glie* na *lo*. *Lo* ni hicho, kitu cha jinsia ya kiume, umoja. *Gli* ni kumwendea mtu. Kikiwa peke yake, *gli* ni kwa mwanamume na *le* ni kwa mwanamke, lakini vinapokutana na *lo*, *la*, *li*, *le* au *ne*, tofauti hiyo inakufa: *glielo* ni kwa Maria kama ilivyo kwa Carlo, na pia kwa mtu unayemwita *Lei* kwa heshima. Kwetu *-m-* haijawahi kujali jinsia, kwa hiyo hatupotezi kitu. Tunachokikosa ni nafasi: kitenzi cha Kiswahili kinabeba yambwa moja tu ya kiambishi. *Akimrudishia* imemtaja Maria, kitabu kimeachwa msomaji akijue mwenyewe. Kiitaliano kinawabeba wote wawili.

Na *e* iliyo katikati? Ni irabu inayotokea kila viwakilishi viwili vinapofuatana kwa namna hii: *mi* na *lo* ni *me lo*, *ti* na *lo* ni *te lo*, *ci* na *lo* ni *ce lo*. Kwa *gli*, *i* imebaki kwenye maandishi kama alama ya sauti na *e* ikaongezwa, kisha viwili vikaandikwa pamoja hata vinapotangulia kitenzi: *me lo restituisce*, maneno matatu, lakini *glielo restituisce*, mawili. Ni tofauti ya maandishi tu. Jambo la kuchekesha ni kwamba *gli* na *lo* zote zinatokana na kiwakilishi kimoja cha Kilatini, *ille*, yule: ya kwanza kutoka *illi*, ya pili kutoka *illum*. Ndani ya *glielo* neno moja la kale limesimama mara mbili, likijifanya halijuani. Katika Kifirenze cha miaka ya 1300 hata kipande cha pili kilikuwa hakibadiliki. Waliandika *gliele* kwa kitu cha jinsia na idadi yoyote.

Ukiweka mikato ya maana juu ya mikato ya mpiga chapa, utaona kwamba mipaka yote minne ya mofimu inaangukia kwenye mipaka ya silabi: baada ya *re*, baada ya *tu*, baada ya *do*, baada ya *glie*. Ulinganifu huu ndio unaowafanya wengi waamini kwamba kistari cha mwisho wa mstari kinafuata maana. Ni bahati ya neno hili. Chukua *restituisco*, ninarudisha. Mofimu ni *re | stitu | isc | o*, silabi za uchapaji ni *re-sti-tu-i-sco*. Kipande *isc* kimepasuliwa katikati na mwisho wake umekwenda kuishi na *o*. Mpiga chapa hakujali, na hakupaswa kujali. Mahali pekee anaporuhusiwa kuisikiliza maana ni kwenye baadhi ya viambishi vya mbele vinavyotambulika waziwazi, ambako mkato kama *dis-at-ti-va-re* huvumiliwa kando ya *di-sat-ti-va-re*.

Kwa nini viwakilishi hivi vimebandikwa nyuma hapa na mbele kwingine? Leo kanuni ni ya aina ya kitenzi: jerundi, kitenzi jina na amri ya kukubali huvibeba nyuma (*restituendoglielo*, *restituirglielo*, *restituisciglielo!*), vitenzi vyenye nafsi na wakati huvitanguliza (*glielo restituisco*). Kale kanuni ilikuwa ya mahali: kiwakilishi dhaifu hakikuweza kufungua sentensi, kwa hiyo kitenzi kikiwa cha kwanza, kiwakilishi kilirudi nyuma yake. Wataalamu wawili wa karne ya 19, Adolf Tobler na Adolf Mussafia, ndio walioieleza, na jina lao limebaki kwenye kanuni hiyo. Masalia yake yanaonekana mitaani Italia mpaka leo kwenye vibao: *affittasi*, inapangishwa, *vendesi*, inauzwa, *cercasi*, anatafutwa. Ni sarufi ya zama za kati iliyopigiliwa misumari mlangoni.

Limebaki suala la mkazo, na kwa msomaji wa Kiswahili nadhani ndilo lenye faida kuliko yote.

Mkazo wetu unahesabiwa kutoka mwisho: silabi ya pili kutoka nyuma, basi. Ukiongeza kiambishi nyuma, mkazo unahama. Tamka polepole: RUdi, ruDIsha, rudiSHIa, rudishiAna. Maneno mengi ya Kiitaliano nayo yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huitwa *piane*, na hilo linatulaza usingizi mpaka tunapofika kwenye viwakilishi. Havihamishi kitu. RestituENdo, restituENdolo, restituENdoglielo. Mkazo unabaki ulipozaliwa, silabi zinaongezeka nyuma yake, mpaka katika neno letu uko kwenye silabi ya nne kutoka mwisho. Waitaliano wenyewe wana ngazi ya majina: mkazo ukiwa mwishoni kabisa neno ni *tronca*, wa pili ni *piana*, wa tatu ni *sdrucciola*, wa nne ni *bisdrucciola*. Maana inaweza kutegemea jambo hilo peke yake: CApitano ni "yanatokea", capiTAno ni nahodha, na *capitanò*, yenye mkazo mwishoni, ni "aliongoza". Ni huyu wa mwisho tu anayeandikiwa alama ya mkazo.

Kwa amri zinazotokana na vitenzi vyenye mkazo wa mbali, mambo yanakwenda mbali zaidi. *Telefonamelo*, nipigie simu unieleze hilo, ina mkazo kwenye *le*, silabi ya tano kutoka mwisho. Na wanasarufi hupenda kutaja *fabbricamicelo*, nitengenezee hicho pale, ambamo mkazo uko kwenye *fab*, wa sita kutoka mwisho. Hutalisikia sokoni, lakini hakuna kanuni inayolikataza.

Anayejifunza akitokea Dar es Salaam au Mombasa ataelekea kusema restituendoGLIElo, na Mitaliano atakunja uso kabla hajaelewa. Dawa ni kulitamka *restituendo* kwanza hadi mwisho, kisha *glielo* iteleze nyuma bila kunyanyuliwa sauti. Tahadhari hiyo inahusu Kiitaliano sanifu. Kinapoli, lugha ya Napoli na jirani zake, kina mazoea mengine: amri ikifuatwa na viwakilishi viwili, mkazo mwingine mzito huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale ambapo sisi tungeuweka.